Mashamba Mengi, Meza Moja: Nani Anailisha Dar es Salaam

Muuza vitunguu wa Soko la Ilala ana vitunguu vya Mang'ola, pembeni ana vya Ruaha Mbuyuni, na wa Singida wakishavuna utaviona na vya Singida, kila aina na gunia lake na bei yake. Wa viazi atakutajia Njombe au Mbeya. Wa machungwa atasema Muheza kabla hujamaliza kuuliza, na wa mananasi atasema Kiwangwa. Mteja wa siku zote naye anajua afuate kipi na kwa matumizi gani.

Majina hayo ya mahali yamebeba habari nyingi: udongo, maji, mwinuko wa ardhi, msimu, umbali wa barabara, hata aina ya mkulima na namna alivyopata mtaji. Sidhani kama ipo ofisi jijini inayoyafahamu mashamba yanayoilisha Dar es Salaam kama soko linavyoyafahamu. Lakini maarifa hayo yamekaa mikononi mwa wafanyabiashara, na faida yake imebaki huko huko. Mkulima ambaye sifa ya eneo lake ndiyo inayouza mzigo hulipwa kana kwamba mzigo wake hauna kwao.

Tuanze na jiji lenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Wanaishi kwenye ukanda wa joto wa pwani, ambako mihogo, minazi, miembe na mchicha hustawi, lakini kabeji, karoti na viazi mviringo hukataa. Sahani ya kawaida ya mama ntilie, yenye wali, maharage, kabeji, kachumbari na kipande cha tikiti, inadai hali za hewa tatu au nne tofauti. Hakuna wilaya moja ya Tanzania inayoweza kuijaza yote. Kwa hiyo wingi wa mashamba yanayouza Dar es Salaam umetokana na jiografia kwanza, na uhodari wa wafanyabiashara umekuja baadaye.

Shamba la karibu kabisa liko ndani ya jiji. Bonde la Msimbazi, kingo za mito mingine, sehemu zilizo chini ya nyaya za umeme na viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, vyote vina matuta ya mchicha, matembele, figiri na chainizi. Mboga za majani hazivumilii safari: zikikatwa asubuhi, jioni zimenyauka. Ndiyo maana lori la kutoka milimani haliwezi kushindana na ndoo ya mkulima wa bondeni. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hivi, na mara nyingi mkulima havuni mwenyewe. Mama mchuuzi huja, huyaangalia matuta, huchagua, hupatana bei ya tuta zima lilivyosimama, kisha kesho yake alfajiri anakuja kung'oa, anafunga mafungu, anayapanga kwenye beseni na kuingia mitaani kabla watu hawajaanza kupika. Kati ya tuta na sufuria pamepita mikono miwili tu. Njia fupi kuliko hiyo haipo jijini, na aliyeianzisha ni mkulima asiye na hati wala mkataba wa ardhi anayoilima.

Mkulima huyo anabeba pia lawama ambayo si yake peke yake. Msimbazi hupokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani, na watafiti wamewahi kukuta metali nzito katika mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya aina hiyo. Mlaji ana haki ya kuogopa. Lakini anayemwaga uchafu mtoni haonekani sokoni. Anayeonekana ni mwenye mchicha.

Ukitoka nje ya jiji, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na Kibiti, unakutana na shamba la namna nyingine kabisa: shamba la miti. Minazi na miembe mingi huko ni ya urithi, na mwenye nayo huenda anaishi Temeke au Mbagala na kwenda shamba mwisho wa mwezi. Huku kinachouzwa ni mti. Mchuuzi anakuja embe zikiwa bado changa, anazunguka mwembe, anainua macho, anakisia zitatoka ngapi, na mnapatana. Kuanzia hapo zikidondoka kwa upepo hasara ni yake, na zikizaa kuliko alivyodhani faida ni yake pia. Mwenye shamba amepokea fedha mapema, pengine kwa sababu ada ya shule haisubiri embe kuiva. Tajiri wa miti anaweza kumaliza msimu bila kujua embe zake ziliuzwa shilingi ngapi Buguruni.

Milimani mambo ni mengine, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu mashamba ya milimani ndiyo yanayoonyesha vizuri jinsi soko la mjini linavyoweza kuiumba ardhi yenyewe. Chukua Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Upande wa Matombo, ambako watu walilima chakula cha nyumbani kwenye udongo mwembamba, kazi hiyo ilikuwa mateso bila malipo: udongo mzuri ulifukiwa chini na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 chuki ililipuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukavunjwa. Mgeta matuta yalishika. Huko watu walikuwa wanalima mboga za kuuza na wana mifereji ya maji, kwa hiyo tuta lilirudisha gharama yake. Milima ni ile ile, kabila ni lile lile, amri ni ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa soko. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilishiriki kupeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway katika maeneo hayo, na samadi yao nayo ikaingia kwenye matuta. Karoti unayoinunua Ilala imetoka kwenye shamba lenye historia hiyo yote, mara nyingi kipande kidogo kisichofika ekari mbili, kinacholimwa mwaka mzima bila kupumzishwa.

Lushoto ni ndugu wa Mgeta. Mabonde ya Usambara yana kabeji, karoti, maharage machanga, nyanya na pilipili hoho, na kwenye miinuko kuna plamu, mapichi na mapeasi ambayo pwani hayaoti. Mzigo unateremka kwa kona za Soni hadi Mombo, unashika lami ya kwenda Dar es Salaam, na kila saa ya kuchelewa inapunguza bei. Mkulima wa huku mara nyingi ni mama mwenye vitalu vitatu katika mabonde tofauti, anayevuna viroba viwili leo na kimoja wiki ijayo. Hawezi kujaza lori la Fuso. Lazima mzigo wake uchanganywe na wa wenzake kumi au ishirini, na ukishachanganywa, uzuri wa kabeji zake umepotea ndani ya wastani.

Kinyume chake ni Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, au Ruaha Mbuyuni kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Hapa kilimo ni cha umwagiliaji na cha fedha taslimu. Mang'ola maji hutoka kwenye chemchemi zinazotiririka kuelekea ziwani. Ruaha Mbuyuni hutoka mtoni. Wengi wanaolima wamekodi ardhi kwa msimu, wamenunua mbegu, mbolea na dawa, wamelipa vibarua, na wanangoja kitunguu kiwalipe au kiwafilisi. Ilula, kwenye barabara hiyo hiyo, nyanya zina sura ile ile: mtaji mkubwa, muda mfupi, bei inayoweza kuanguka wiki moja kabla ya kuvuna. Mkulima wa kukodi hana miti ya kumtunza mwaka ujao wala mifugo ya kuuza akikwama. Msimu mmoja mbaya humrudisha kwenye ukibarua.

Kisha kuna ndizi. Soko la Mabibo, ambalo jiji zima linaliita Mahakama ya Ndizi, hupokea mikungu kutoka Rungwe, Kilimanjaro na Morogoro, na kila eneo lina aina zake: mshale, mzuzu, mkono wa tembo, kisukari. Kihamba cha Mchaga na shamba la nyumbani la Rungwe yanafanana kwa jambo moja kubwa: migomba imezunguka nyumba, imechanganyika na kahawa au parachichi na majani ya ng'ombe, na kazi yake ya kwanza ni kulisha wenyewe. Kinachofika Mabibo ni ziada. Ndiyo maana bei ya ndizi ikianguka Dar es Salaam mkulima wa Rungwe anaweza kuacha mkungu jikoni kwake, jambo ambalo mkulima wa nyanya wa Ilula hawezi kulifanya na matenga mia moja.

Tofauti hizi ndizo zinazolinda meza ya jiji. Nyanda za juu kusini hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, ilhali kaskazini na pwani ya kaskazini zina vuli na masika. Umwagiliaji wa Mang'ola haungoji mvua ya Usambara. Mvua kubwa ikiozesha nyanya za mabondeni, ziko zinazotoka kwenye ukanda mkavu. Barabara ya milimani ikikatika, iko ya Iringa. Ungeyafanya mashamba yote haya yawe ya aina moja, hata kama ni aina bora, jiji lingekuwa na chakula tele miezi minne na bei isiyoshikika miezi minane. Wanaoota ndoto ya kuwaondoa wakulima wadogo na kuweka mashamba makubwa machache yenye mashine wangepaswa kujibu kwanza swali hilo la miezi minane.

Sasa tuingie sokoni. Jengo la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na sehemu ya chini ya ardhi ya biashara ya jumla na juu paa la miavuli ya zege. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza. Lakini hata kabla ya moto, biashara ya jumla ya mazao ilikuwa imeshatawanyika: matunda Buguruni na Temeke Stereo, ndizi Mabibo, nafaka Tandale, mboga na viungo Ilala. Malori huingia usiku wa manane. Anayeyapokea ni dalali. Ndiye mwenye nafasi sokoni, ndiye anayewajua wachuuzi na anayejua nani hulipa na nani hukimbia. Huuza, hukata kamisheni yake, hukata ushuru na malipo ya wapagazi, kisha humtumia mwenye mzigo kilichobaki kwa simu.

Ni rahisi kumfanya dalali kuwa mwovu wa hadithi, na wanasiasa wengi wamefanya hivyo. Mimi naona anafanya kazi halali na ngumu. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800. Mkulima wa viazi hawezi kuja kukaa na magunia yake sita akisubiri wateja. Mara nyingi dalali huyo huyo ndiye aliyekopesha fedha za mbolea wakati benki haikutaka hata kusikiliza. Kasoro ni kwamba yeye peke yake ndiye anayeona bei iliyouza. Mkulima huletewa neno: "Leo soko limejaa." Huenda kweli limejaa. Hana njia ya kuthibitisha ila kumpigia dalali mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Angalia tena jinsi kila shamba linavyouza. Mchicha huuzwa kwa tuta. Mwembe huuzwa kwa mti. Nyanya huuzwa kwa tenga, na tenga la mbao halina ukubwa mmoja nchini. Ndizi huuzwa kwa mkungu, unaokadiriwa kwa jicho. Vitunguu na viazi huuzwa kwa gunia, na gunia lenyewe hurefushwa: hujazwa hadi mdomoni, juu yake huwekwa kilemba, hushonwa kwa kamba, na ndiyo lumbesa. Kanuni za vipimo hazikubali mzigo uzidi kilo 100 kwa gunia, na tangazo la kupiga marufuku lumbesa limerudiwa na viongozi mmoja baada ya mwingine. Haiondoki, kwa sababu nauli, upagazi na mara nyingi hata ushuru huhesabiwa kwa gunia. Gunia likinenepa, gharama ya kila kilo inapungua kwa mwenye lori, na kilo za ziada hutoka kwa mkulima bure.

Kwa maneno mengine, tuna aina tano au sita za mashamba na kila moja lina kipimo chake cha macho, na katika kila kipimo mwenye jicho lililozoea ni mnunuzi. Yeye hutazama miembe mia kwa msimu. Mwenye shamba hutazama yake kumi. Tofauti za mashamba, ambazo ni baraka kwa mlaji, zimekuwa mwanya wa kumpunja mzalishaji, kwa sababu hakuna kitu kimoja cha kuwaunganisha mwenye embe, mwenye viazi na mwenye nyanya katika dai moja. Mizani ingekuwa kitu hicho.

Jina la eneo nalo linapotea kwa njia hiyo hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni mchele wa Kyela. Harufu yake imeupa sifa nchi nzima, na matokeo yake mchele wa sehemu nyingine huchanganywa au hubatizwa tu jina hilo na kuuzwa kwa bei yake. Anayechanganya anapata tofauti ya bei, na mkulima wa Kyela anabaki na fahari. Vitunguu vya Mang'ola viko katika hatari hiyo hiyo, hasa kwa kuwa wanunuzi kutoka Kenya nao huvifuata, na jina linaloheshimika hadi Nairobi lina thamani kubwa kwa kila anayeweza kulibandika kwenye gunia.

Wapo wanaopendekeza soko la wakulima kwa maana kamili, mkulima asimame mbele ya meza yake mwenyewe. Mfano maarufu ni Greenmarket ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Barry Benepe na Bob Lewis, ambako kanuni ya msingi ni kuuza ulichokilima mwenyewe. Ni kanuni nzuri na imeokoa mashamba madogo mengi kuzunguka jiji hilo. Kwetu ingefaa kwa baadhi: mkulima wa mchicha wa bondeni, mwenye mananasi wa Kiwangwa, mfuga kuku wa Kisarawe. Kwa mama wa Lushoto mwenye viroba viwili ingekuwa ni kupoteza siku tatu za palizi ili auze mzigo wa siku moja. Dawa ya shamba la karibu haiwezi kuwa ndiyo dawa ya shamba la mbali.

Kwa mashamba ya mbali, ninaloliamini zaidi ni kulisogeza soko liwe karibu na shamba. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993, ulifanya hivyo ulipojenga masoko ya vijijini, likiwemo la nafaka la Kibaigwa mkoani Dodoma na la mboga na matunda la Nyandira, huko huko Mgeta. Faida yake si ngumu kuieleza. Wanunuzi kadhaa wakija mahali pamoja siku moja, mkulima anasikia bei ya zaidi ya mtu mmoja kabla hajauza, na viroba vya watu ishirini vinaweza kupangwa kwa daraja kabla ya kuchanganywa. Huko Lushoto, Usambara Lishe Trust ilikusanya mboga za wakulima wadogo na kuzipeleka kwa hoteli na maduka ya Dar es Salaam, wateja wanaotaka ubora ule ule kila wiki na wako tayari kuulipia. Taasisi za namna hii ni tete: zinahitaji uongozi unaoaminika, fedha za kuwalipa wakulima kabla mteja hajalipa, na nidhamu ya kutouza pembeni bei ya njiani ikipanda. Zinapofanya kazi, hata hivyo, jina la mahali linaanza kumlipa aliye mahali hapo.

Serikali nayo imewahi kuitambua tofauti ya mashamba, kwa kiasi. Katika mwaka wa fedha 2017/2018 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Nia ilikuwa kumwokoa mkulima mdogo. Lakini mkulima mdogo, kama tulivyoona, hasafiri na tani moja. Viroba vyake vimo ndani ya Fuso ya mfanyabiashara, na Fuso haipati msamaha huo. Sheria ilimtazama mkulima anayesafirisha mwenyewe, na mkulima huyo ni nadra.

Nafasi ya kufanya vizuri zaidi ipo, na inaanzia kwenye shamba la karibu kabisa. Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi unaandaa kuligeuza bonde kuwa eneo la wazi la kupokea mafuriko, na baada ya vifo vya mafuriko ya Desemba 2011 hakuna mwenye akili anayepinga watu kuhamishwa kutoka njia ya maji. Tuta la mchicha, hata hivyo, linavumilia mafuriko ambayo nyumba haivumilii: likisombwa, baada ya wiki chache limerudi. Ardhi isiyofaa kujengwa ndiyo ardhi ambayo wakulima wa mjini wameitunza miaka yote, na mradi huo unaweza kuwatengea sehemu yenye kisima cha maji safi na mkataba wa maandishi. Masoko yanayojengwa upya yanaweza kuwekewa mizani ya umma mahali lori linapoegesha, na risiti ya ushuru ikaandika kilo na kijiji badala ya idadi ya magunia. Halmashauri ingekusanya ushuru wake kama kawaida, na mwenye viazi wa Njombe, akitumiwa picha ya risiti hiyo kwa simu, angejua uzito uliopokelewa Ilala kabla dalali hajamwambia kwamba soko limejaa.